Somo: Kazi za nyumbani za wiki, na penseli ibaki mkononi mwa mtoto

Kinachotuponza wazazi ni haraka. Umechoka, mtoto anasinzia, swali la nne limemshinda. Unanyakua penseli unalimaliza mwenyewe. Kesho yake mwalimu anatia vema akiamini mtoto kaelewa, na hana tena njia ya kujua pa kurudia.

Hatua ya 1. Siku kazi inapotolewa, isomeni yote. Asome yeye kwa sauti, kisha akueleze ametakiwa afanye nini. Mtoto kaambiwa apigie mstari vitenzi, yeye kapigia nomino. Huyo sarufi anaijua, maagizo ndiyo hakuyasoma.

Hatua ya 2. Igawanyeni kwa siku. Majedwali ya kuzidisha na maneno ya imla hayakubali kulundikwa usiku wa mwisho. Yanataka kidogo kidogo, kila siku.

Hatua ya 3. Akikosea, uliza kabla hujafundisha. Somo lenyewe liko hapa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kaandika 52 − 38 = 26. Usimwambie amekosa. Mwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Atakujibu: "Nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili." Umeona? Kutoa anakujua. Ila ameona 2 ya juu haitoshi kutoa 8, akaigeuza, kubwa toa ndogo. Ukimfokea "rudia!" atarudia vilevile.

Leta vijiti: mafungu matano ya kumi kumi, na viwili pembeni. Mwombe akupe 38. Mafungu matatu atakupa bila shida. Kwenye nane atakwama, atakutazama. Nyamaza. (Kugumu hapo, najua.) Akifungua fungu moja mwenyewe, pembeni vinakuwa 12, atoe 8, vibaki 4 na fungu moja. Kumi na nne. Sasa ule mtindo wa kukopa anaoandika daftarini una maana kwake.

Hatua ya 4. Kukagua. Mwambie "ukurasa huu una makosa mawili, yatafute", usimwonyeshe yalipo. Hesabu ya kutoa ajihakikishie kwa kujumlisha: 14 na 38 zirudi 52. Swali likishindikana kabisa, liacheni wazi, umwandikie mwalimu mstari mmoja: "Tumejaribu, amekwama kwenye kukopa."

Maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Wangu yuko darasa la pili, anakaa saa nzima kila siku. Ni sawa?*

Marahaba. Saa nzima ni nyingi. Wengi hufuata kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa, kwa hiyo wako ni kama 20. Mtafiti Harris Cooper, anayejulikana kwa kukitetea kipimo hicho, alipitia tafiti na wenzake mwaka 2006, wakakuta kazi za nyumbani zina uhusiano mdogo na ufaulu kwa watoto wadogo kuliko kwa wa sekondari. Muda ukiisha mfungie daftari, na umweleze mwalimu wake.

*Mimi shule niliishia njiani, hesabu za siku hizi sizijui. Nitamsaidiaje?*

Afadhali wewe! Sisi tunaojua kunyamaza kunatushinda. Kaa uwe mwanafunzi, yeye awe mwalimu wako. Akifika pa kubabaika, hapo ndipo hajaelewa. Mwambie apaulizie darasani.

*Njia niliyofundishwa mimi si hii ya mwalimu wake. Nimpe yangu?*

Si wiki hii. Fuateni mfano ulio kwenye daftari la darasani. Mtoto akishashika njia moja, ya pili itamfurahisha. Akipewa mbili hajashika hata moja, anazichanganya.

*Kila nikimuuliza anadai "mwalimu hajatufundisha hilo". Nimwamini?*

Rudini kurasa mbili tatu nyuma kwenye daftari lake. Mara nyingi lipo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Lisipokuwepo, mwombe radhi.