Samaki wa dhahabu akivimba tumbo

Mtazame kutoka juu kwanza. Magamba yakiwa yamesimama, maji yamemjaa mwilini. Mtenge, na usitegemee sana kwamba atapona. Magamba yakiwa yamelala, mimi humnyima chakula siku 2 au 3. Hafi njaa, mlafi huyo! Kisha nampa njegere moja iliyochemshwa, nimeimenya na kuiponda.

Asipopata choo, namhamishia kwenye beseni la maji ya tangi lake, nimeyeyusha humo kijiko 1 cha chai cha chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, ya kulegeza choo) kwa kila lita 4, dakika 10 hadi 15. Akianza kulala ubavu, mtoe hapohapo. Chumvi ya jikoni haifanyi kazi hii. Jike? Huenda ana mayai tu.