Namna ya kumkatalia mteja, fundi na shemeji

Nauza vifaa vya ujenzi Mbagala: saruji, nondo, mabati, rangi, na misumari ya kupima kwa kilo. Nikifunga duka, mimi ni mwenyekiti wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama wa mtaa wetu. Kwa hiyo kutwa kucha ninaombwa. Haya ninayowaelekeza vijana wangu wa dukani, nawe mwenye biashara yachukue.

Kwanza, achana na "njoo kesho". Tumelelewa tusimjibu mtu kwa ukavu, basi tunasema "ngoja niangalie" au "tutaona mwisho wa mwezi". Aliyeomba hasikii kwamba umekataa. Anasikia kwamba umekubali, ila muda haujafika. Siku utakapomwambia ukweli, ameshamwita fundi na msingi umeshachimbwa, na lawama zote ni zako. Jibu litoke siku ileile aliyoomba.

Msalimie, mpe kiti, mwache amalize maelezo yake hata yakiwa marefu (na yatakuwa marefu). Kama kuna wateja wengine, msogeze pembeni, kwa sababu kunyimwa mbele za watu kunauma kuliko kunyimwa kwenyewe. Kisha sema: "Kaka, saruji sikopeshi." Halafu nyamaza. Usiseme mzigo haujafika, atakuuliza unafika lini. Usimsingizie mume, kesho atamfuata mume.

Wewe mwenyewe, ili usilegee, shika hesabu hii. Tuseme mfuko wa kilo 50 unauza shilingi 16,000 na faida yako ni 800. Mfuko mmoja usiolipwa unameza faida ya mifuko 20. Anayeomba mifuko kumi kwa mkopo anaona kumi. Wewe ona 200 utakayoiuza bure kufidia pengo. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe hukaliwa na muuzaji.

Ukikataa, kuwa na kitu cha kumpa. Mimi nina daftari la kuwekewa mzigo: mteja analeta alichonacho kila wiki, namwandikia, na nondo zake anazichukua akishamaliza kulipa. Wengi walioingia wakiomba mkopo wametoka wameacha pesa kidogo. Asiyetaka kuwekewa, mara nyingi hakuwa na mpango wa kulipa.

Kwa mafundi ni kugumu zaidi, maana ndio wanaoleta wateja. Fundi ananunua kwa 16,000 anataka risiti isome 18,500, tofauti aile yeye. Hapa sibembelezi: "Fundi, risiti inasoma ulicholipa." Mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, inapeleka mauzo TRA, mamlaka ya mapato. Nikipandisha bei kwenye risiti, nalipia kodi pesa isiyoingia dukani kwangu, halafu nimemwibia mwenye nyumba ambaye kesho atapita duka la jirani na kujua bei halisi. Fundi anayeniletea kazi nampa chake kutoka kwenye faida yangu, wazi, baada ya mteja kulipa. Wapo waliohama kwa ajili hiyo. Waende.

Kama umeajiri, mpaka wako si mpaka kama unavunjwa kwa simu. Kijana amekataa kupunguza bei, mteja anatoka nje anakupigia: "Mama, huyu mtoto wako hanijui?" Ukimpunguzia, umemfundisha mteja kwamba kauli ya kijana haina uzito, na kesho kijana hatajisumbua tena kukataa. Mimi najibu: "Alichokwambia ndicho hichohicho." Kama naona kijana alikosea, naongea naye jioni, mteja akiwa ameshaondoka. Na kiwango anachoruhusiwa kupunguza nimemwambia mapema, bidhaa kwa bidhaa.

Kikoba kimenifundisha jambo jingine: kanuni iliyoandikwa inakataa kwa niaba yako. Katiba yetu inasema mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mwanachama. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mimi mwenyekiti sina hata mmoja. Mwenzetu akinigongea usiku na machozi, namfariji, namkaribisha chai, kisha namwambia, "Dada, lete kikaoni." Hata ningetaka, sanduku nisingeweza kulifungua. Kiongozi anayeshika funguo zote kajitafutia usiku wa mateso.

Dukani fanya vivyo hivyo. Andika ukutani kwa herufi kubwa bei, muda wa kufunga, na kwamba mzigo ukishatoka haurudishwi. Ukishaandika, ufuate hata kwa rafiki.

Ndugu ndio mtihani. Shemeji anataka mabati "atalipa akivuna korosho". Ndugu sikopeshi kabisa. Nampa au simpi. Najiuliza ni kiasi gani naweza kukisahau moyoni, kama ni bati mbili, nampa mbili na kuzitoa kwenye mahesabu ya duka kama pesa yangu ya nyumbani. "Shemeji, hizi ni zawadi ya nyumba mpya. Zilizobaki utanunua kama wengine." Atanuna. Shughuli ikitokea, mchango wako uwahi, uone kama hajaanza kukusalimia. Akirudi na ombi lilelile, mpe maneno yaleyale, usiongeze sababu mpya hata moja. Akirudi mara ya tatu, mwagizie soda na umuulize hali ya shule za watoto.