Kimbunga Kikitangazwa, Watu wa Milimani Tuangalie Nini

Redio ikitangaza kimbunga, mtu wa Lushoto, huku milimani Usambara, husema hayo ni mambo ya watu wa Pangani, kule pwani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia kikiwa kimedhoofu, basi kauli hiyo ikazidi kupata nguvu. Lakini Blantyre, Malawi, iko mbali kabisa na bahari, na Machi 2023 mvua za kimbunga Freddy ziliporomosha vilima juu ya nyumba za watu. Upepo huishiwa nguvu nchi kavu. Mvua haiishi: hewa yenye unyevu ikigonga mlima hupanda, hupoa, na kumwaga maji mengi hapo hapo.

Kwa hiyo kabla ya masika, usianze na tochi. Anza na mteremko ulio juu ya nyumba yako. Ukikuta ufa mpya ardhini, mti au nguzo iliyoanza kuinama, au maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu, jua kwamba udongo umeanza kusogea; mwite mwenyekiti wa kitongoji aone. Wengi wetu tumechonga kilima ili tupate kiwanja, na ule ukuta wa udongo nyuma ya jiko ndio wa kuogopwa. Siku ya mvua kubwa msilale chumba cha nyuma. Afadhali zaidi mkalale kwa ndugu aliye mbali na mteremko, kabla giza halijaingia. Mtaro wa juu uzibuliwe sasa, na maji yasielekezwe kwa jirani (ugomvi huo kila kijiji kinaujua).

Korongo nalo lina dalili zake. Maji yakipungua ghafla huku mvua inanyesha, usifurahi: huenda magogo na udongo vimeziba huko juu, na vikiachia hushuka matope na mawe kwa pamoja. Panda pembeni, usikimbie kufuata korongo.

Barabara ya Mombo kuja Lushoto kupitia Soni huweza kufungwa na mawe. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asogezwe karibu na hospitali mapema, na mwenye dawa za kila siku awe na akiba. Kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki na karatasi za shamba ziwekwe kwenye dumu lenye mfuniko. Ng'ombe wa zizini afunguliwe kamba.

Mvua ikikatika, msirudi siku hiyo hiyo. Udongo ulioshiba maji huweza kuporomoka jua likiwa limeshatoka.