Somo: Kuku wanakoroma? Tafuta bakteria kabla hujafungua dawa

Naulizwa kila mara: "Kuku wanakoroma, niwape dawa gani?" Nimechoka kuandika jibu lile lile, kwa hiyo naliweka lote hapa. Kabla ya dawa, jua kwanza nini kinawakoromesha.

1. Sikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa na kuku wametulia. Mchana kelele za kundi humeza mkoromo.

2. Fungua daftari la maji, chakula, mayai na vifo. Dalili zikienea banda zima kwa siku chache, fikiria kideri, bronkaitisi ya kuku au mafua makali. Mycoplasma gallisepticum (bakteria wa njia ya hewa) ikiwa peke yake kwa kawaida hutambaa polepole.

3. Nusa hewa kwa kimo cha kuku. Amonia ikizidi ppm 25 (sehemu 25 kwa milioni ya hewa) huharibu vinyweleo vya koo la hewa, na E. coli, bakteria wa utumbo, hupata njia.

4. Tazama nyuso. Uso uliovimba na kamasi inayonuka huelekeza kwa Avibacterium paragallinarum (bakteria wa mafua makali), na mapovu kwenye kona ya jicho kwa Mycoplasma. Ni ishara tu, usihukumu kwa jicho.

5. Chukua sampuli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua KABLA ya antibiotiki, maana hata dozi ya siku moja inaweza kuzuia bakteria wasioteshwe maabara, ukaambiwa "hakuna kitu" na kundi linaumwa. Chagua kuku hai walioanza kuumwa karibuni. Aliyekufa jana ameshajaa bakteria wa utumbo, na aliyedhoofika muda mrefu amebeba wageni wengi. Pangusa ufa wa kaakaa au koo la hewa bila kugusa ulimi. Kwa PCR (kipimo cha vinasaba vya kijidudu) tumia swabu, yaani kijiti cha kupangusia, ya nyuzi za plastiki, kwa sababu kijiti cha mbao kinaweza kuvuruga kipimo. Safirisha kwenye ubaridi, ila sampuli ya kuotesha usiigandishe.

6. Pasua wachache. Mifuko ya hewa yenye afya huonekana kama nailoni nyembamba. Ukikuta uchafu wa njano kama jibini ndani yake na utando mweupe juu ya moyo na ini, huyo mara nyingi ni E. coli, na mara nyingi kuna aliyemtangulia. Omba maabara itafute na Mycoplasma. LAKINI vifo vikiwa vingi na vya ghafla, usipasue. Huenda ni mafua ya ndege, nayo huambukiza watu. Funga banda, mwite daktari wa mifugo.

7. Pima damu ya kuku 30 hivi, kutafuta kingamwili (alama za maambukizi). Kipimo kizuri kisipokuta hata mmoja, una uhakika wa asilimia 95 kwamba maambukizi hayajafika asilimia 10 ya kundi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimewapa dawa siku tatu. Nichukue swabu leo?
Jibu: Hatua ya 5. Soma tena. Damu bado itakusaidia.

Swali: Maelezo marefu, taja dawa tu.
Jibu: Sitaji. Mycoplasma haina ukuta wa seli, kwa hiyo amoksilini haina pa kuishika. Ukikisia utalipia dawa na kuku wataendelea kukoroma.

Swali: Shikamoo daktari. Kipimo cha haraka cha sahani kilionyesha Mycoplasma, maabara ikakataa. Nimwamini nani?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Kipimo cha sahani ni chepesi kushtuka. Seramu iliyogandishwa, au chanjo ya mafuta waliyochomwa karibuni, inaweza kuleta chanya ya uongo. Ndiyo maana chanya yake huthibitishwa kwa HI au ELISA (vipimo vingine vya kingamwili vya maabara) au PCR. Lakini usifunge faili: kama dalili zimeanza wiki hii, kingamwili huenda bado hazijapanda. Rudia kuwapima damu baada ya wiki mbili au tatu, na swabu za PCR zichukuliwe sasa.

Swali: Nyuso zimevimba kabisa, maabara haikuotesha kitu, na sikuwapa dawa.
Jibu: Uliza kama walipanda pamoja na Staphylococcus, bakteria mwingine anayewalisha. Avibacterium wengi huhitaji NAD, kirutubisho ambacho Staphylococcus hukitoa. Kwenye agari ya damu ya kawaida (chakula cha kuoteshea bakteria) huota pembezoni mwa mstari wa Staphylococcus tu, vidoa vidogo kama umande. Asipowekewa jirani huyo, haonekani.

Swali: Sina swali. Mkikagua mabanda anzeni na kuku wadogo wazima, wagonjwa wawe wa mwisho.
Jibu: Kweli kabisa, na viatu vibadilishwe kila mlango.