Kutoka Masoko ya Kidijitali hadi Kufundisha Usimulizi wa Biashara

Aliyefanya kazi ya masoko ya kidijitali kwa muda wa kutosha ana mtaji ambao walimu wengi wa uandishi hawana: ameona, kwa takwimu, mahali hasa ambapo watu huacha kusoma au kutazama. Safari ya kuelekea ualimu wa usimulizi wa biashara, yaani kueleza hoja za kazini kwa njia ya hadithi, ianzie kwenye ushahidi huo, kabla ya kufikiria vyeti.

Pitia kampeni zako za zamani na uchague chache ambazo matoleo mawili ya ujumbe mmoja yalijaribiwa kwa hadhira zinazofanana, kisha ueleze kwa maandishi mhusika alikuwa nani, alitaka nini, alizuiwa na nini, na hali yake ilibadilikaje. Huenda ukakuta kwamba baadhi ya matangazo yaliyouza sana hayakuwa na hadithi yoyote, bali yalitangaza punguzo la bei kwa lugha nzuri. Hayo yaweke kando, hata kama ndiyo unayojivunia. Omba idhini ya maandishi kabla ya kuonyesha takwimu za mteja au mwajiri, na ukinyimwa, tumia matangazo yaliyokwisha kutolewa hadharani.

Baada ya hapo, panua upeo, kwa sababu wengi watakaokuja kujifunza hawaandiki matangazo: ni mameneja wanaoomba bajeti, wahandisi wanaoeleza hitilafu, au waanzilishi wa kampuni wanaokutana na wawekezaji. Mwaka 2004, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alipiga marufuku slaidi za PowerPoint katika mikutano ya viongozi wa juu wa kampuni hiyo, akataka hoja ziandikwe kwa masimulizi; baadaye hati za kurasa sita, zinazosomwa kimya mwanzoni mwa kikao, zikawa desturi yake. Msomaji wa hati kama hiyo hapitishi kidole kwenye skrini akaenda zake. Amekaa ili afanye uamuzi, na mbinu za kumnasa mtu katika sekunde tatu humkera.

Ugumu wenyewe umo katika kufundisha. Mtu wa masoko akiona sentensi dhaifu huiandika upya papo hapo, na kwa kufanya hivyo humwachia mwanafunzi sentensi nzuri isiyo yake. Jizoeze kuuliza: nani anapata hasara jambo hili lisipofanyika? Uliyajuaje haya? Kisha nyamaza, umwache mwandishi ahangaike kidogo. Anza na kikundi kidogo katika kikao cha dakika 90, ambamo maelezo yako hayazidi theluthi moja ya muda, na muda uliobaki washiriki waandike kuhusu kazi zao halisi, wasomeane na wasahihishane. Usiache ajira yako katika hatua hii.

Mwishowe, pima matokeo kwa uangalifu kuliko ulivyopima mibofyo. Mwaka 1959, Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani, alianza kueleza ngazi nne za kutathmini mafunzo, yaani mwitikio wa washiriki, walichojifunza, mabadiliko ya utendaji na matokeo kwa taasisi. Fomu za kuridhika zinazojazwa mlangoni hugusa ngazi ya kwanza tu. Kwa hiyo, tangu siku ya makubaliano, weka sharti kwamba kila mshiriki atakuletea hati aliyoiandika kazini kabla ya mafunzo na nyingine aliyoiandika wiki sita baadaye, kisha uzilinganishe pamoja na msimamizi wake.