Futi iliyovutika: kupima sebule kwa simu mbili

Nashona nguo Mwanga, hapa Kigoma, mwaka wa 22 huu. Fundi yeyote mzoefu atakwambia futi ya plastiki ikikaa sana shingoni inavutika. Mwili wa sentimita 92 unausoma 90. Lakini mwili na kitambaa ukivipima kwa futi hiyohiyo, gauni linakaa vizuri tu. Kasheshe huanza mteja anapokutumia vipimo vya futi ya kwao. Shika hilo, maana maiki ya simu yako nayo ni futi iliyovutika.

Kijana wangu alileta sabufa: spika mbili ndogo na boksi la besi lenye tundu mbele. Nyumbani tunapiga sana muziki wa Kongo, wenyewe wako ng'ambo ya ziwa tu, na utamu wote uko kwenye gitaa la besi. Sasa mimi nakaa mwisho wa sofa, karibu na dirisha, nipate mwanga wa kupinda nguo kwa mkono. Pale noti moja ilikuwa inanguruma mpaka sindano inatetemeka vidoleni, na nyingine haisikiki kabisa, kama mpigaji ameacha. Mzee wangu yuko katikati ya sofa hiyohiyo, hana neno. Nikamwambia kijana sabufa mbovu hiyo, rudisha. Akairudisha dukani, wakaiwasha mbele yake, ikalia safi. Aliporudi nayo mgongoni mwa bodaboda ndipo tukakubaliana kwamba mbovu ni sebule.

Anza na futi halisi, isiyovutika. Pima urefu wa chumba, upana, na kimo hadi dari. Kwenye joto letu la nyuzi 25 hivi, sauti inakwenda mita 346 kwa sekunde. Chukua 346 ugawe kwa kipimo cha chumba ulichokizidisha kwa mbili. Yangu ina urefu wa mita 4.2, inatoka hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Upana mita 3.5, inatoka 49. Kimo mita 2.7, inatoka 64. Hizo ndizo sauti ambazo chumba chenyewe kinazipenda. Wimbi la hezi 49 lina mita 7, nusu yake ni 3.5, ukuta hadi ukuta. Linagonga huku, linarudi kugonga kule, yanapandana. Ukikaa karibu na ukuta wa pembeni unalipata lote, katikati linakufa. Mzee wangu katikati, mimi ukutani. Ugomvi wetu wa miezi miwili ulikuwa kwenye hesabu hiyo moja.

Sasa simu. Utahitaji mbili: moja itoe mlio, nyingine isikilize. Ya kutoa mlio iunge kwa waya wa aux. Bluetooth inafanya kazi, ila waya haukatiki katikati ya kipimo. Weka programu yoyote inayotoa mlio mmoja kwa hezi unazoandika. Ya kusikiliza weka Spectroid, ni ya Android na haina malipo. Wenye iPhone wana HouseCurve, inayopima na kuchora yenyewe. Kwenye Spectroid namba za desibeli, yaani za ukubwa wa sauti, huja na alama ya kutoa mbele, kwa hiyo −30 ni sauti kubwa kuliko −40. Mwanzoni nilisoma kinyume jioni nzima.

Kabla hujaiamini simu, ijaribu. Simu imetengenezwa kwa maongezi: sauti ndogo inaipandisha, kubwa inaishusha, mvumo wa chini inauchuja ikidhani ni upepo. Piga mlio wa hezi 100, soma namba. Kwenye programu ya mlio ongeza desibeli 6. Inayosikiliza nayo ipande 6. Ikipanda 2 tu, ujue inajirekebisha kimyakimya, na vipimo vyake ni bure. Ingia kwenye mipangilio ya Spectroid, tafuta chanzo cha sauti, chagua kile ambacho hakijachakatwa. Android inacho tangu toleo la 7, mwaka 2016, ingawa si kila simu inakiheshimu. Simu yangu mpya ilikataa. Ya mzee, ya zamani, kioo kimepasuka kama ramani, ikapanda 6 kamili.

Kijana alileta pia maiki ya kubana shatini. Haikusoma kitu. Tulipoitazama, pini yake ilikuwa na mistari miwili myeusi. Tundu la simu linataka yenye mitatu. Kuna maiki zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa, kama Dayton Audio iMM-6 ya kuchomeka kwenye simu, au UMIK-1 ya USB, ambayo unapakua faili lake la marekebisho kwa namba iliyoandikwa kwenye maiki yenyewe. Hiyo ni futi mpya ya chuma. Kama unayo, vizuri. Mimi sikuwa nayo, nikatumia akili ya cherehani: kupima mara mbili kwa futi moja.

Kipimo cha kwanza ni uani. Nje hakuna chumba, kwa hiyo unachosoma ni sabufa pamoja na upotovu wa simu, basi. Tulitoa boksi la besi kwa waya mrefu wa umeme, tukaliweka chini mbali na kuta, simu chini mita moja mbele yake, kava imevuliwa, tundu la maiki limeelekea boksi. Kisha mlio mmoja mmoja, kuanzia hezi 36, kupanda kwa hezi 3 hadi kufika 120. Zile namba za chumba chako ulizozipata kwa kugawa, pamoja na mara mbili zake, ziongeze hata kama haziangukii kwenye ngazi hizo. Kila mlio sekunde tano, soma, andika. Sauti iwe ya wastani, na usiiguse tena hadi umalize. Niliandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa unaofuata kifua na kiuno cha bibi harusi mmoja wa Ujiji. Chagua saa ya utulivu. Mimi nilichagua saa nane mchana mwezi wa saba, watoto wako shule na hakuna mvua ya kupiga bati. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Mama, kuna shughuli?" Nikamjibu ndiyo, ya hesabu.

Cha pili ni ndani. Rudisha boksi mahali pake, zima feni, chomoa friji kwa hizo dakika kumi. Simu isishikwe mkononi wala kulazwa kwenye mto wa sofa. Nilisimamisha mti wa fagio kwenye ndoo ya mchanga, nikaifunga simu kwa lastiki ya kiunoni, tundu la maiki pale sikio langu linapokuwa nikikaa, sentimita 105 kutoka sakafuni. Milio ileile, mpangilio uleule. Rudia na fagio likiwa sentimita 30 kushoto, kisha 30 kulia, uchukue wastani, kwa sababu kichwa hakitulii mahali pamoja.

Halafu chukua ya ndani, toa ya nje. Upotovu wa simu uko pande zote mbili, unafutika. Kinachobaki ni chumba. Kwangu milio mingi ilitoka na tofauti ya 3 hivi, hiyo nikaifanya sifuri yangu. Kwenye 49 nje ilikuwa −41, ndani −27: tofauti 14, yaani nundu ya desibeli 11. Kwenye 64 nundu ya 5. Na kwenye 82 nje −33, ndani −42. Shimo la desibeli 12. Noti yangu iliyopotea hiyo hapo.

Hapa ndipo nilipokosea, na mimi fundi. Nguo ikizidi unakata, ikipungua huwezi kuivuta ikatosha. Lakini nilipoliona lile shimo nikaenda moja kwa moja kwenye ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha hezi fulani, nikapandisha 82 kwa desibeli 9. Desibeli 9 ni nguvu mara nane. Amplifaya ya wati 40 ikiwa imefunguliwa yote, ni kuiomba 320. Besi ikaanza kukohoa, boksi likatoa harufu ya waya wa moto, na shimo likabaki vilevile. Kwa nini? Kwa sababu pale masikio yangu yalipo, sentimita 105 kutoka ukuta wa nyuma, ni robo kamili ya urefu wa chumba, na hezi 82 ni mara mbili ya 41. Kwenye robo, wimbi hilo linajifuta lenyewe. Ukiongeza linalokuja, umeongeza na linalorudi kulifuta.

Dawa ilikuwa kusukuma sofa sentimita 40 kurudi nyuma. Nikapima tena: 82 ikasoma −32. Desibeli 10 zimerudi bila kugusa kitufe. Kama sofa yako haina pa kwenda, hamisha boksi la besi. Njia ya haraka ni kuliweka boksi juu ya sofa pale unapokaa, upige wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha wewe utambae sakafuni ukipita kando ya kuta. Pale noti zote zinaposikika sawa, ndipo pa kuliweka. Watoto watacheka sana.

Baada ya mashimo ndiyo uende kwenye nundu, na hizi ekwalaiza inaziweza. Ile ya vitufe vitano iliyomo ndani ya simu nyingi haifai: kitufe cha 60 kinachota na hezi nyingi za jirani. Tafuta inayokuruhusu kuchagua hezi, kiasi, na wembamba wa mkato, ambao huandikwa Q. Poweramp Equalizer ni mojawapo. Niliweka 49, kushusha 7, Q 6. Halafu 64, kushusha 4, Q 5. Nundu ilikuwa 11, sikuikata yote, kwa sababu mzee pale katikati hezi 49 inamfikia kwa shida na sikutaka kumnyima hata mabaki. Kumbuka ekwalaiza iko kwenye simu. Siku kijana anachomeka flashi kwenye sabufa, marekebisho yote hayapo, na atakuja kukwambia hujafanya kitu.

Wakati wa milio utasikia na vitu vingine. Kwetu kwenye 57 kioo cha kabati la vyombo kilianza kuzizima, na nilishazoea kudhani ni spika. Vipande viwili vya kitenge vilivyokunjwa mara nne chini ya kioo vilimaliza.

Sauti za juu sikuzipima. Sakafu ya vigae na ukuta mtupu vinatoa ukali unaousikia kwa kupiga kofi moja, na hapo pazia zito lenye bitana na zulia vinatosha. Kwa hezi 49 pazia ni kama halipo, hata ukiweka matatu. Ukiwa na kompyuta, iko programu ya REW ya John Mulcahy, bure: inapitisha mlio mmoja unaopanda kutoka chini hadi juu na kuchora mstari mzima, kwa njia ambayo Angelo Farina aliieleza mwaka 2000. Inafuta kazi ya daftari.

Ukihamisha kabati au sofa, rudia kipimo cha ndani peke yake. Cha uani hakibadiliki, mradi simu na sabufa ni zilezile; kwa hiyo ule ukurasa usiuchane, na ile simu ya kioo kilichopasuka usimpe mtoto.