Namna ya Kuitafuta Stoney Tangawizi Ukiwa Nje ya Nchi

Msafiri wa Mtwara au Lindi aliyezoea kuulizwa dukani "baridi au ya moto?", kisha akapewa Stoney Tangawizi yake katika chupa ya kahawia, hugundua mapema akifika ughaibuni kwamba Coca-Cola ipo kila kona ilhali Tangawizi haionekani. Kabla hajauzunguka mji mzima, ni vema aelewe sababu yake, kwa kuwa sababu hiyo ndiyo itakayomwonyesha pa kuanzia.

Soda kwa kawaida haisafirishwi kutoka nchi moja hadi nyingine. Kampuni yenye jina hutengeneza kiini, kisha mjazaji wa kila nchi hukichanganya na maji, sukari na gesi na kuuza katika eneo alilopewa. Mjazaji wa London au Guangzhou hana haja ya kuagiza kiini cha kinywaji ambacho wateja wake hawakijui. Kwa hiyo usianze na maduka makubwa. Anza kwa kuuliza ni watu gani katika mji huo wanaokikosa kinywaji hicho kama wewe, na ni nani anayewaletea.

Watu wa kwanza kuwafikiria ni Waafrika Kusini, jambo ambalo wasafiri wengi wa kwetu hawalijui. Stoney inauzwa Afrika Kusini tangu mwaka 1971, na huko inaitwa Stoney Ginger Beer. Nchini Uingereza, kwa mfano, yapo maduka ya bidhaa za Afrika Kusini ambayo huiuza pamoja na nyama yao ya kukausha, na mengine hupokea oda kwa intaneti. Onja kopo moja kwanza kabla ya kununua katoni. Ukishindwa huko, nenda kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, kama yale ya Peckham jijini London, na utafute hasa duka ambalo mwenyewe ni Mkenya, Mganda au Mtanzania, kwa kuwa jina la Stoney Tangawizi linafahamika katika nchi zote tatu. Dalili nzuri ni unga wa sembe rafuni. Piga simu kabla ya kufunga safari, na ukipokewa kwa Kiswahili, usione haya kusema, "Kaka, Tangawizi ipo?"

Ukiipata, ikague. Soda iliyoagizwa kutoka mbali huenda imekaa ghalani muda mrefu, na chupa ya plastiki hupoteza gesi kidogo kidogo hata ikiwa haijafunguliwa. Ibonyeze kwa vidole: ikiwa ngumu, gesi bado imo, ikibonyea kwa urahisi, irudishe rafuni. Kopo hutunza gesi vizuri zaidi. Tarehe ya mwisho wa matumizi nayo isomwe, kwani baadhi ya wauzaji hushusha bei siku chache kabla haijafika.

Anayekwenda Oman ana nafuu ya lugha, maana mjini Muscat wapo wenyeji wengi wanaozungumza Kiswahili na wanaoweza kumwelekeza, lakini asishangae bei: Juni 2019 nchi hiyo ilianza kutoza vinywaji vyenye gesi ushuru wa asilimia 50. Anayevuka Mtambaswala kwa Daraja la Umoja kuingia Msumbiji aombe "refresco de gengibre"; akiletewa Fanta, ainywe tu aendelee na safari yake. Hali ya usalama ya Cabo Delgado, mkoa anaoingilia, tangu mwaka 2017 si ya kumfanya mtu azurure akitafuta soda.

Ikiwa Stoney haipatikani kabisa, tafuta ya jamii yake, na hapa umakini unahitajika. Rafuni utakuta vinywaji viwili vinavyofanana kwa jina: ginger ale, kama ile ya Canada Dry, ambayo ni laini na kwa mnywaji wa Tangawizi ni kama maji yenye sukari, na ginger beer, ambayo ndiyo yenye ukali ule unaopanda puani. Chukua ya pili. Bundaberg ya Australia, ambayo nayo huja katika chupa ya kahawia, na Old Jamaica inayouzwa Uingereza zinafaa. Hata hivyo, soma lebo kabla ya kulipa, hasa ikiwa dini yako inakukataza kileo, kwa sababu baadhi ya ginger beer ni pombe kamili: Crabbie's ya Uingereza, kwa mfano, inayo toleo lenye kilevi cha asilimia 4. Nyingine hutengenezwa kwa kuchachushwa na huweza kubaki na kilevi kisichofika nusu ya asilimia moja. Hilo kila mtu ataliamua mwenyewe.

Wapenzi wa Fanta wana tatizo la aina nyingine: wao huikuta, lakini ladha si ile. Uingereza ilianza kutoza kodi ya sukari Aprili 2018 kwa vinywaji vyenye gramu 5 au zaidi katika kila mililita 100, na wajazaji wengi, wa Fanta wakiwamo, wakapunguza sukari na kuongeza vitamu mbadala. Marekani hutumia zaidi sharubati ya mahindi. Anayetaka Coca-Cola ya sukari ya miwa huko atafute chupa za kioo zinazotoka Mexico.

Kubeba soda kutoka nyumbani kunawezekana, ila kwenye begi la mkononi viwanja vingi vya ndege bado haviruhusu chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Weka chupa za plastiki katika begi la kupakiwa, kila moja ndani ya mfuko uliofungwa, kisha uzizungushie kanga. Chupa za kioo ziache. Ni nzito, na mwenye duka anazidai.

Kwa anayekaa ughaibuni miezi mingi, mimi naona njia bora ni kuitengeneza. Paruza gramu 200 za tangawizi mbichi, uichemshe kwa dakika 15 katika nusu lita ya maji na gramu 200 za sukari, uchuje, kisha ukamulie ndimu mbili. Ikipoa, changanya kipimo kimoja cha sharubati hiyo na vipimo vitatu vya maji ya gesi yaliyo baridi sana, ukimimina polepole ubavuni mwa glasi ili gesi isitoroke. Sharubati iliyobaki hukaa kwenye friji kwa wiki moja. Isipowasha kooni, chemsha mara nyingine pamoja na kipande kidogo cha pilipili kavu.